Timu yangu ya wasichana ya futsali inapoteza dakika za mwanzo kwa mchecheto: nifanye nini?

Kocha wa Igoma

Wanajukwaa, habari za majukumu. Ninafundisha timu ya wasichana ya futsali, ule mpira wa miguu wa ukumbini wa watano kila upande, hapa Mwanza, upande wa Igoma. Wachezaji wangu wana umri wa kati ya miaka 16 na 23. Wengine bado wako sekondari, wengine wanafanya biashara ndogondogo sokoni, na wawili wana watoto wadogo. Mazoezi tunafanyia kwenye uwanja wa saruji ulio wazi, na ukumbi wenye paa tunaupata kwa kulipia, tena mara chache. Uwezo wanao. Jioni za mazoezi wanapigiana pasi za haraka, wanabadilishana nafasi bila kugongana, na hata wapita njia husimama kuwatazama.

Siku ya mechi mambo hugeuka. Tukishafika, mmoja hutapika, mwingine hunyamaza kabisa hata ukimwita kwa jina, kipa huenda chooni kila baada ya muda mfupi, na nahodha, ambaye siku nyingine ni mpole, huanza kuwafokea wenzake kwa sababu ya soksi au chupa ya maji. Mchezo unapoanza, pasi zilezile za jioni zinakuwa nzito, mpira unawapita chini ya soli, na kila mmoja anasubiri mwenzake afanye. Baadaye wanatulia na kucheza vizuri, lakini mara nyingi huwa tumeshafungwa.

Tangu timu ya taifa ya wanawake ifike fainali ya Kombe la Afrika la futsali kule Rabat mwezi Aprili 2025, ikafungwa 3–2 na wenyeji Morocco na bado ikapata nafasi katika Kombe la Dunia la kwanza la futsali la wanawake nchini Ufilipino, wasichana hawa wamebadilika. Wanatamani kuonekana. Tamaa hiyo inawaleta mazoezini hata siku za mvua, lakini pia imewaongezea uzito, maana sasa kila bonanza la wilaya wanalichukulia kama siku ya kuchaguliwa au kuachwa.

Nimetumia hotuba, nimetumia sala ya pamoja, nimewaambia watulie. Mwenzangu mmoja ananishauri niwape vinywaji vya kuongeza nguvu. Mwingine anasema wasichana ndivyo walivyo, niwaache. Sikubaliani na yeyote kati yao, ila sina hoja ya kuwajibu. Naomba mnieleze hali hii inatokana na nini hasa, na kama ni sahihi kujaribu kuwatuliza wote. Aidha, yapo mambo ya kike ambayo mimi kama mwanamume siyaoni, au siwezi kuyauliza bila kuwakwaza? Mwezi ujao tunacheza ndani ya ukumbi, ambako watazamaji hukaa hatua chache tu kutoka kwenye mstari.

Mwalimu wa Nyegezi

Kocha, heshima yako. Ninafundisha elimu ya michezo na nimesomea saikolojia ya michezo, kwa hiyo niruhusu nianze na swali lako la kwanza na nikae nalo, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea.

Unachokieleza ni vitu viwili vinavyokuja pamoja lakini vyenye tabia tofauti. Kuna wasiwasi wa mawazo: mchezaji anajiuliza itakuwaje akikosea, watu watasema nini, kocha atamtoa au atamwacha. Na kuna wasiwasi wa mwili: moyo kwenda mbio, viganja kulowa jasho, kinywa kukauka, tumbo kuvurugika, haja ndogo ya mara kwa mara. Watafiti wa Marekani Rainer Martens, Robin Vealey na Damon Burton walivitenganisha vitu hivyo katika dodoso la maswali 27, wakaongeza sehemu ya tatu ya kupima kujiamini, na tangu walipolichapisha kwa ukamilifu mwaka 1990 limetumika katika nchi nyingi. Linalokuhusu zaidi wewe ni jinsi wasiwasi wa kila aina unavyokwenda na saa. Ule wa mawazo huweza kuanza siku kadhaa kabla ya mechi na kubaki palepale. Ule wa mwili hukaa chini, kisha hupanda ghafla saa za mwisho, hasa mchezaji anapoingia mahali pa kuchezea, na kwa wengi hushuka mara tu mchezo unapoanza. Kwa hiyo yule anayetapika na yule anayenyamaza huenda hawasumbuliwi na jambo moja, na linalomsaidia mmoja linaweza lisimfae mwenzake.

Ndani ya mwili kinachotokea ni hiki. Ubongo ukishaichukulia mechi kuwa tishio, mfumo wa neva huamuru adrenalini imwagwe, moyo huongeza kasi, na damu hupunguzwa tumboni ili iende kwenye misuli mikubwa. Ndiyo sababu chakula kilicholiwa muda mfupi kabla ya mechi hakitulii. Baada ya dakika kadhaa homoni ya kotisoli nayo hupanda, ikiweka sukari tayari katika damu. Hadi hapo hakuna ubaya wowote, mwili unajiandaa kwa kazi. Ubaya huanza hali hiyo inapopita kiasi: misuli ya kukunja mguu na ya kuunyoosha hukaza kwa wakati mmoja, mguso unakuwa mgumu, na upeo wa macho unabana, mchezaji akauona mpira na beki aliye mbele yake lakini asimwone mwenzake aliye huru upande wa pili.

Katika uwanja mkubwa mchezaji anaweza kujibanza pembeni kwa dakika kumi hadi atulie. Futsali haina maficho hayo. Uwanja wa kimataifa ni wa takriban mita 40 kwa 20, ndani mko wanne na kipa, mpira uliotoka au wa faulo lazima uchezwe ndani ya sekunde nne, na mpira wenyewe, wa ukubwa namba 4, umetengenezwa udunde kidogo ili utulizwe kwa soli. Mguu uliokaza huumbuka papo hapo. Ndiyo maana unaona mabao ya mapema, na sidhani kwamba wasichana wako ni waoga kuliko wengine.

Kuhusu kuwatuliza wote, jibu langu ni hapana. Yuri Hanin, aliyeanza utafiti wake katika Umoja wa Kisovieti na kuuendeleza Ufini, alionyesha kwamba kila mwanamichezo ana kiwango chake mwenyewe cha msisimko ambacho ndani yake hucheza vizuri zaidi, na kwa baadhi ya watu kiwango hicho kiko juu sana. Ukimtuliza mchezaji wa namna hiyo, umemharibia siku. Njia rahisi ya kuwatambua ni kumuuliza kila mmoja peke yake, kabla ya kupasha misuli moto, akupe namba tatu kuanzia sifuri hadi kumi: mwili wake umechangamka kiasi gani, mawazo yanamsumbua kiasi gani, na anajiamini kiasi gani. Andika daftarini. Baada ya mechi andika alivyocheza. Usiwasomee wenzake namba hizo hata kwa utani, kwani siku utakayofanya hivyo ndiyo siku ya mwisho ya kuambiwa ukweli.

Na huyo anayesema wasichana ndivyo walivyo, mjibu hivi: ni kweli tafiti nyingi zimeona kwamba, kwa wastani, wanamichezo wa kike hutaja wasiwasi wa mawazo zaidi na kujiamini kidogo kuliko wenzao wa kiume, lakini wastani haukwambii lolote kuhusu msichana aliye mbele yako, na isitoshe wanaume wengi huona aibu kuukiri wasiwasi wao hata kwenye karatasi. Uzoefu wa mashindano nao huupunguza wasiwasi. Timu inayocheza mechi chache kwa mwaka, iwe ya wanawake au ya wanaume, itatetemeka.

Kipa wa zamani, Pasiansi

Ninakubaliana na Mwalimu kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, maelezo yake yanaanzia ndani ya kichwa cha mchezaji, wakati mimi niliyekaa golini kwa miaka mingi nimeona kwamba sehemu kubwa ya mchecheto huletwa na watu wazima wanaoizunguka timu, na hiyo ndiyo sehemu ambayo kocha anaweza kuiondoa bila kumfundisha mtu saikolojia yoyote.

Anza na orodha ya wanaoanza. Makocha wengi huisoma dakika za mwisho, mbele ya wote, kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu, wakidhani kwamba kwa kufanya hivyo wanawaweka wachezaji macho. Matokeo yake ni kwamba wasichana wote kumi na kitu wanakesha wakijiuliza, na waliokosa nafasi wanaanza mechi wakiwa wameumia. Waambie jioni ya siku iliyotangulia, tena mwambie kila mmoja kazi yake moja: wewe unambana fulani, wewe unasimama mbele na kuutunza mpira kwa mgongo hadi wenzako wafike. Mtu aliyepewa kazi moja inayoeleweka huwa na nafasi ndogo ya kuwaza mengine.

Pili ni hayo mambo ya kike uliyoyauliza, Kocha, na ninakupongeza kwa kuyauliza. Kama jezi zenu zina bukta nyeupe, zibadilisheni ziwe za rangi nyeusi au buluu iliyokolea. Msichana aliye katika hedhi anayeogopa kuchafuka mbele ya watu hawezi kuteleza kuziba shuti, na wewe utasema hana moyo. Weka pedi ndani ya begi la huduma ya kwanza, pamoja na bandeji na maji, ili anayezihitaji azichukue bila kuomba. Hakikisha kuna chumba cha kubadilishia nguo ambacho mlango wake unafungwa kwa ndani. Nimecheza mahali ambapo tulizungushiana khanga nyuma ya basi huku vijana wakichungulia, na sijui ni nani anayeweza kuingia uwanjani akiwa ametulia baada ya hapo. Hao wawili wenye watoto, uliza mapema ni nani atakayebaki na mtoto. Kama ananyonyesha, anahitaji muda wa kunyonyesha kabla ya kupasha misuli, la sivyo atacheza akiwa na maumivu ya kifua.

Jambo jingine ambalo makocha wa kiume hulisahau ni safari ya kurudi. Mechi za ukumbini mara nyingi huchezwa jioni. Msichana wa Buhongwa au Kisesa anayecheza huku akihesabu saa ya daladala ya mwisho, na anayejua kwamba nyumbani atahojiwa alikuwa wapi na nani, ameshaingia uwanjani na mzigo ambao hauhusiani na mpira. Panga usafiri, wapigie wazazi wewe mwenyewe, na uwaeleze saa ya kurejea. Nimeona timu ikibadilika kwa jambo hilo tu.

Kuhusu kipa wako, usimhesabie safari za chooni. Ziweke kwenye ratiba: tukifika, chooni kwanza, kisha kubadilisha nguo, kisha chooni tena, halafu kupasha misuli. Kipa wa futsali anakaa kwenye goli la upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, na mashuti humjia kutoka umbali ambao kipa wa uwanja mkubwa huuona katika penalti tu. Penalti yetu hupigwa kutoka mita 6. Anahitaji kuguswa na mpira mara nyingi kabla ya kuanza, usoni, kifuani na miguuni, kwa mpangilio uleule kila mechi, kwa sababu hofu yake kubwa ni ya mpira wa kwanza. Akishaukamata wa kwanza, mengine huenda.

Mzee wa Kirumba

Vijana, mimi nimecheza ndondo kwenye viwanja vya vumbi tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa, na hatukuwa na madaftari ya namba wala ratiba za chooni. Aliyeogopa alipewa mazoezi makali hadi akasahau kuogopa. Ninaheshimu elimu ya Mwalimu, lakini ninaona tunawafanya watoto wajichunguze mno. Ukimwuliza mtu kila mara kama ana wasiwasi, atautafuta hadi aupate. Ushauri wangu ni mmoja: Kocha awapeleke wacheze mbele ya watu kila wiki. Awaite wavulana wa mtaani wawazomee wakiwa wanapiga penalti. Wakizoea kelele, ukumbi hautawatisha.

Muuguzi wa Buzuruga

Shikamoo, Mzee. Ninaomba niongeze ya kwangu ya hospitali, kwa kuwa Kocha ametaja kutapika na vinywaji vya kuongeza nguvu.

Vinywaji hivyo usiwape. Kazi yake kubwa hufanywa na kafeini na sukari, na kafeini huongeza yaleyale unayotaka kuyapunguza: mapigo ya moyo, mikono kutetemeka, kwenda haja ndogo, tumbo kuunguruma. Zaidi ya hapo, saa tano hivi baada ya kuinywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini, kwa hiyo anayeinywa kwenye mechi ya jioni hatalala usiku, na kama mashindano ni ya siku mbili, ameiharibu pia siku ya pili. Maji yanatosha, na kwa joto la Mwanza anywe kidogo kidogo tangu asubuhi badala ya kujaza tumbo dakika za mwisho.

Chakula kikubwa kiliwe saa tatu hadi nne kabla ya mechi, na kiwe chepesi kwa mafuta: wali au ugali na sato wa mchuzi, viazi vitamu, ndizi za kupika. Chipsi, maharage mengi na samaki wa kukaanga viachwe kwa ajili ya baada ya mchezo. Yule anayetapika asilazimishwe kula kama wengine. Mama yake au yeyote anayemwandalia ampatie uji mwepesi, na saa moja kabla ya mechi ale ndizi mbivu moja. Kukaa na njaa kabisa nako si suluhisho, kwa sababu njaa yenyewe huleta kutetemeka na kichefuchefu, na mtu akashindwa kutofautisha.

Hata hivyo, sisi wa kanda ya ziwa tusiharakishe kusema kila tumbo ni mchecheto. Kichocho cha tumbo kimeenea kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, na anayefua, kuoga au kuchota maji ziwani anaweza kuwa nacho bila kujua. Huleta maumivu ya tumbo, kuharisha, wakati mwingine choo chenye damu, na kwa muda mrefu upungufu wa damu. Upungufu wa damu nao, ambao wasichana wanaopata hedhi nzito huupata kirahisi, husababisha moyo kwenda mbio na kuchoka upesi. Ukiona dalili zinamsumbua hata siku zisizo na mechi, mpeleke apimwe choo na wingi wa damu. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, na upungufu wa damu una matibabu yake. Hakuna haja ya kumfundisha mtu kupumua wakati anahitaji vidonge vya madini ya chuma.

Kwa maumivu ya hedhi, dawa kama ibuprofeni husaidia ikimezwa mapema maumivu yanapoanza, baada ya kula, na asiwe na vidonda vya tumbo. Kitu ambacho nakataza kwa msisitizo ni vidonge vya presha vya kupunguza mapigo ya moyo, ambavyo nimesikia vikipendekezwa vijiweni. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua vibaya sana akivimeza, na mchezaji yeyote atajikuta moyo wake haupandi kasi kadiri mchezo unavyohitaji. Na kama kuna msichana anayezimia, anayekosa usingizi kwa wiki nzima, au aliyeacha kula, huyo amevuka mpaka wa uwanja. Aonwe na daktari.

Kocha wa Igoma

Ninawashukuru sana, na nimejifunza kwamba bukta zetu nyeupe zilikuwa zinasema jambo ambalo hakuna aliyethubutu kuniambia. Tumekubaliana kuzibadilisha.

Nimewauliza namba tatu kabla ya mechi ya kirafiki ya mwisho wa wiki. Yule anayetapika alinipa nane kwa mwili, mbili kwa mawazo, na nane kwa kujiamini. Alitapika kama kawaida, kisha akacheza kuliko wote. Yule mnyamavu alinipa tatu kwa mwili, tisa kwa mawazo, na mbili kwa kujiamini. Sikuwahi kumwona kuwa ndiye mwenye shida kubwa, kwa sababu hasumbui mtu. Nahodha alikataa kutoa namba yoyote, akasema yeye hana tatizo, halafu akamfokea mwenzake kabla hata hatujatoka kwenye chumba.

Maswali yangu yamebaki mawili. Kwanza, ninamsaidiaje mwenye tisa ya mawazo, na Mzee ana hoja kuhusu zomeazomea? Pili, nimfanyeje nahodha, na nianze na nani siku ya ukumbini?

Mwalimu wa Nyegezi

Mzee ana hoja kuliko anavyodhani, kwani kufanya mazoezi chini ya shinikizo ni njia inayokubalika na watafiti wengi. Ninatofautiana naye kuhusu kuzomewa na wavulana. Msichana anayezomewa umbo lake au kukaa kwake hazoei mashindano, anazoea kudhalilishwa, na wengine hawatarudi mazoezini. Tengeneza shinikizo la mchezo wenyewe. Waambie wamebaki na dakika mbili, wanaongoza kwa bao moja, na tayari wamefanya faulo tano. Kuanzia ya sita, wapinzani wanapata mkwaju wa moja kwa moja usio na ukuta, kutoka alama ya mita 10 au karibu zaidi. Hapo lazima wakabe bila kugusa miguu ya mtu. Weka saa inayosimama, weka mwamuzi asiyewapendelea, waalike wazazi na wanafunzi wakae karibu na mstari. Kama mnaweza kulipia ukumbi mara moja tu kabla ya siku yenyewe, itumieni nafasi hiyo kwa kufika, kubadilisha nguo, kupasha misuli na kucheza kwa mpangilio uleule wa siku ya mechi, kwa sababu mwangwi wa ukumbi na mng'ao wa sakafu ni vitu vigeni kwa anayecheza kwenye saruji ya wazi.

Kwa mnyamavu, mazoezi ya kupumua peke yake hayatoshi, ingawa yafaa ayajue: pumzi za taratibu, takriban sita kwa dakika, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, kwa dakika chache. Hayo hushusha mwili zaidi kuliko mawazo, na mwili wake hauna shida. Tatizo lake ni maneno anayojiambia. Jioni ya kuamkia mechi mpe karatasi aandike kila anachokiogopa, bila kumwonyesha mtu, kisha upande wa pili aandike atafanya nini kila jambo likitokea: nikipoteza mpira, narudi nyuma ya mpira kwanza, lawama baadaye. Siku ya mechi mpe neno moja fupi la kujiambia kila mpira unaposimama, neno la kazi, kama vile "soli" au "geuka", kwa sababu neno la namna hiyo huishughulisha akili na kitendo.

Na acheni kuwaambia watulie. Mwaka 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha majaribio ambamo watu waliokuwa wakikabiliwa na kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu walifanya vizuri zaidi walipojiambia kwamba wamesisimka na wana hamu, kuliko walipojiambia kwamba wametulia. Majaribio hayo hayakuwa ya mpira, lakini mantiki yake inahamishika: moyo unaodunda kwa nguvu ni vigumu kuushawishi kwamba umetulia, wakati kuushawishi kwamba una hamu ni rahisi, kwa kuwa dalili ni zilezile.

Kipa wa zamani, Pasiansi

Nijibu kuhusu nahodha, maana nimewahi kuwa na nahodha wa aina hiyo na nimewahi kuwa yeye. Kufoka kwake ndiyo namba yake. Usimbishie kwamba ana wasiwasi, na usimvue kitambaa wiki hii. Mpe kazi inayomchukua mikono na macho kuanzia mnapofika. Yeye ndiye azungumze na waamuzi, akague viatu na vizuia ugoko vya wenzake, na uwanjani awe anatamka kwa sauti hesabu ya faulo zenu kila inapoongezeka. Mtu anayefoka akiwa na kazi husikika kama kiongozi. Zungumza naye peke yake mkiwa njiani, mkubaliane kwamba mtakapofungwa mapema, sauti ya kwanza itakayosikika ni yake, na itataja mpangilio wa kuanza tena, bila kumtaja aliyekosea. Nawe usisahau kwamba una taimu auti ya dakika moja katika kila kipindi. Makocha wengi huiweka akiba hadi mwisho. Wewe itumie ndani ya dakika tano za kwanza ukiona pasi zimekuwa nzito.

Kuhusu nani aanze, muanzishe yule anayetapika. Mwili wake unapanda kwa ajili ya kucheza, mawazo yake ni safi, na kumweka benchi akiwa katika hali hiyo ni kumwacha achemke bure. Mnyamavu asianze, ila mwambie tangu jana yake kwamba hataanza kwa sababu ya mpango, na kwamba ataingia dakika ya tatu bila kujali matokeo. Futsali inaruhusu kubadilisha wachezaji bila kikomo na bila kusimamisha mchezo, kwa hiyo mwingize kwa dakika mbili, mtoe kabla hajaharibikiwa, apokee fulana ya mazoezi kutoka kwa mwenzake anayeingia, anywe maji, kisha arudi tena. Kaa naye upande ule wa benchi ulio karibu na eneo la kubadilishana, umwonyeshe jambo moja tu la kutazama kwa wapinzani, kama vile beki wao anapendelea kugeukia mguu gani. Kipindi cha kwanza kikiisha atakuwa ameingia mara tatu au nne, na wakati wa mapumziko muulize namba zake upya.